Msimnyime Mapumziko Mtoto Asiyetulia

Kuna imani ambayo walimu, wazazi na kamati za shule wameafikiana bila hata kupiga kura: mtoto asiyetulia atulizwe kwanza, kisha ndipo acheze. Mchezo ni zawadi ya aliyekaa kitako, akafunga mdomo na kumaliza zoezi. Anayenyanyuka ovyo, anayejibu kabla swali halijaisha, anayesahau daftari nyumbani na penseli chini ya dawati, huyo abaki ndani wenzake wakitoka. Akili itamkaa sawa.

Imani hii ina wenyewe, tena watu wa heshima, na ina methali za kuilinda. Samaki mkunje angali mbichi. Mcha mwana kulia, hulia yeye. Mimi nasema kwa mtoto mwenye ADHD, yaani hali inayomfanya ashindwe kushikilia jambo moja na kujizuia kama wenzake, imani hiyo imegeuzwa miguu juu. Mtoto huyo hasubiri kutulia ndipo acheze. Anahitaji kucheza ndipo aweze kutulia. Shule inayomnyima mapumziko kwa kosa la kutotulia inamwondolea kitu ambacho kingemsaidia asirudie kosa hilo katika kipindi kinachofuata. Ni kama kufunga dirisha kwa sababu mwenye pumu anakohoa sana.

Tuitazame adhabu yenyewe inavyokwenda. Saa nne na nusu kengele inalia. Darasa la tatu linamwagika nje, wengine kwa mama wa maandazi, wengine moja kwa moja kwenye chandimu. Mmoja amebaki. Amepewa daftari aandike mara hamsini kwamba hatapiga kelele tena. Mistari mitano ya mwanzo imenyooka. Kuanzia wa sita herufi zinapanda na kushuka, wa tisa umeruka neno, na kisigino kinagonga mguu wa dawati bila yeye kujua. Anainuka kuchungulia dirishani, anarudi, ameshasahau alifikia wapi. Kengele ya pili inawarudisha wenzake wakiwa na jasho na pumzi za juu juu, wanajitupa kwenye madawati yao, kipindi cha Hisabati kinaanza. Wao wamepumzika. Yeye hajatoka nje tangu saa mbili asubuhi. Haipiti robo saa amesimama tena, na mwalimu anatikisa kichwa: hata adhabu haimwingii. Kesho anazuiwa na kipindi cha michezo pia.

Mzazi akiitwa, mazungumzo huwa mafupi. "Mama Hamisi, mtoto wako akili anazo, tatizo hatulii. Tumemsimamisha michezo mpaka ajirekebishe." Na mama, ambaye ameomba ruhusa kazini na ana aibu mbele ya ofisi nzima ya walimu, anajibu anachodhani ndicho kinachotakiwa: "Sawa, Mwalimu. Mchapeni tu, mimi nimeshamkabidhi kwenu." Wote wawili wanampenda mtoto. Wote wawili wamekosea.

Wengine watakata kauli hapa hapa: ADHD ni ugonjwa wa Wazungu, sisi tunao watoto watundu tu. Hoja hiyo inavuma sana, na ni rahisi kuijibu. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara London akieleza watoto ambao akili zao hazikuwa na kasoro, lakini hawakuweza kushikilia jambo moja wala kujizuia kama wenzao. Zaidi ya karne moja ya utafiti imefuata, na makadirio yanayokubalika zaidi ni kwamba hali hii inawapata takribani watoto 5 katika kila 100, katika mabara yote yaliyochunguzwa. Sera ya Tanzania inasema mwalimu mmoja wa shule ya msingi awe na wanafunzi 45. Darasa la namna hiyo lina watoto wawili au watatu wa aina hii. Lenye watoto 90, kama yalivyo mengi, lina wanne au watano. Hakuna mwalimu wa shule ya msingi aliyefundisha miaka kumi bila kuwa nao; ila hakuambiwa.

Wala si kila mtundu ana ADHD. Vigezo vya kitabibu ni vikali kuliko watu wanavyodhani: dalili zianze kabla ya miaka 12, zidumu angalau miezi 6, zionekane mahali zaidi ya pamoja, na ziwe zinamharibia mtoto masomo au maisha yake na watu. Anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu huenda ana tatizo na mwalimu huyo. Mwenye ADHD anasahau shuleni, anasahau nyumbani, anasahau alipotumwa dukani, na hata mchezo anaoupenda hamalizi zamu yake bila ugomvi.

Pia si tunda la malezi mabovu. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu robo tatu ya tofauti kati ya watoto katika dalili hizi inatokana na urithi. Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, wakiongozwa na Philip Shaw, walichapisha matokeo ya kupima unene wa gamba la ubongo kadiri watoto wanavyokua. Kwa watoto wa kawaida, nusu ya sehemu zilizopimwa zilikuwa zimefikia kilele cha unene wake kwa umri wa miaka saba na nusu. Kwa wenye ADHD, ilikuwa miaka kumi na nusu. Ucheleweshaji ulikuwa mkubwa zaidi sehemu za mbele, zinazohusika na kupanga, kusubiri na kujizuia. Sehemu moja tu iliwahi kukomaa mapema kuliko kwa wenzao, nayo ni ile inayoendesha misuli. Mwili uko tayari, msimamizi wake bado. Mtu anayemwambia mtoto huyo "jizuie" anadai kitu ambacho kiungo chake bado kinajengwa.

Sasa nije kwenye kiini cha ubishi. Wanaotetea kukalisha wanaamini kuwa kutikisika ndiko kunakomzuia mtoto kufikiri: akiacha kutikisa mguu, akili itarudi ubaoni. Dhana hiyo imepimwa. Mwaka 2015 watafiti waliofanya kazi katika maabara ya Mark Rapport, Chuo Kikuu cha Central Florida, walitoa matokeo ya wavulana 52 wenye umri wa miaka 8 hadi 12, baadhi wenye ADHD na baadhi wasio nayo. Kila mmoja alionyeshwa tarakimu na herufi zilizochanganywa, akatakiwa azishike kichwani, azipange upya na kuzitaja kwa mpangilio. Kamera zilirekodi kila mtikisiko wa mkono, mguu na kiti. Wavulana wasio na ADHD walipotikisika zaidi, walikosea zaidi, kama mwalimu yeyote angetabiri. Wenye ADHD walikuwa kinyume: walipotikisika zaidi ndipo walipopatia zaidi. Kwao mguu unaocheza chini ya dawati ni sehemu ya juhudi za kukaa macho kiakili. Mwalimu anayesimama juu ya mtoto huyo mpaka mguu utulie kabisa anaweza kupata mguu uliotulia na daftari tupu.

Watafiti wengine walijiuliza: je, mtoto akikimbia kwanza, kisha akae, inakuwaje? Matthew Pontifex na Charles Hillman, pamoja na wenzao, walichapisha jibu mwaka 2013. Walichukua watoto 20 wenye ADHD na wengine 20 wasio nayo, wa miaka 8 hadi 10. Siku moja kila mtoto alitembea kwa kasi au kukimbia polepole kwenye mashine kwa dakika 20, moyo ukienda mbio lakini si kwa kumchosha. Siku nyingine alikaa akisoma kwa muda huo huo. Kila mara alipimwa baadaye. Baada ya kukimbia, watoto wa makundi yote mawili walifanya vizuri zaidi katika jaribio la umakini, katika ufahamu wa kusoma na katika hesabu. Na wenye ADHD walionyesha jambo moja ambalo mwalimu yeyote angelipa fedha kuliona: walipokosea, walipunguza kasi katika swali lililofuata. Yaani walijishtukia. Dakika 20 tu. Urefu wa yale mapumziko tunayowanyima.

Sababu zake si za kichawi. Dawa zinazotumika kwa ADHD, kama methilifenideti inayouzwa kwa jina la Ritalin, huongeza kiasi cha dopamini na noradrenalini kinachofanya kazi kati ya seli za ubongo. Mazoezi yanayopandisha mapigo ya moyo huchochea kemikali hizo hizo, kwa kiasi kidogo zaidi na kwa muda mfupi zaidi. Ndiyo maana nafuu huonekana muda mfupi baada ya jasho, na ndiyo maana wakati wa kufanya mazoezi una uzito wake. Kumfungulia mtoto mpira saa kumi jioni, masomo yakiwa yameisha, ni jambo jema kwa afya yake. Kwa Hisabati ya saa nne, umeshachelewa.

Nisizidishe chumvi. Tafiti nyingi za eneo hili ni ndogo, nafuu inayopatikana si kubwa, na mwalimu anayejua kuwa mtoto amefanya mazoezi anaweza kumwona ametulia kuliko alivyo. Jaribio moja kubwa kidogo, lililoongozwa na Betsy Hoza wa Chuo Kikuu cha Vermont na kuchapishwa mwaka 2015, liliwagawa watoto 202 wa madarasa ya mwanzo kwa bahati nasibu: kundi moja lilifanya mazoezi ya viungo dakika 31 kila siku kabla ya masomo kwa wiki 12, jingine likakaa darasani likifanya kazi za sanaa. Makundi yote mawili yalipata nafuu katika mambo kadhaa. La mazoezi lililizidi la sanaa hasa katika umakini na hali ya moyo kama wazazi walivyoziona nyumbani. Si muujiza. Lakini ninaowapinga hawana hata hicho kidogo. Naomba anayetetea kumzuia mtoto mapumziko aonyeshe utafiti mmoja uliopata kuwa mtoto mwenye ADHD aliyenyimwa mchezo alisoma vizuri zaidi siku iliyofuata. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa tamko mwaka 2013 kwamba mapumziko ya shule yasiondolewe kwa sababu za adhabu wala za kitaaluma. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2018 kuhusu ADHD unawataka wahudumu wa afya wasisitize lishe bora na mazoezi ya mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wote wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya wastani hadi makali. Wote hao wamekosea, na sisi wenye daftari la mistari hamsini ndio tuliopatia?

Kuna jingine linalonikera zaidi. Shule hizo hizo zinazonyima mchezo hutumia mwili kama fimbo. Aliyechelewa namba azunguke uwanja. Aliyepiga kelele aruke kichurachura kutoka mlingotini mpaka mlangoni. Aliyesahau daftari akalime au achimbe shimo la taka. Tanzania bado inaruhusu viboko kwa kanuni za mwaka 1979, ambazo mwaka 2002 zilirekebishwa kupunguza idadi hadi vinne na kuweka mamlaka kwa mkuu wa shule; Kenya ilipiga marufuku mwaka 2001. Mkono unapozuiwa kuchapa, mara nyingi adhabu huhamia kwenye magoti na mapaja. Matokeo ni kwamba mtoto anayehitaji kukimbia kuliko wote anafundishwa kwamba kukimbia ni adhabu, na kwamba mchezo ni mali ya wengine. Mazoezi ninayoyatetea hapa hayana uhusiano wowote na kichurachura. Yanapaswa kuwa ya furaha, ya wote, na yasiyomfedhehesha mtu.

Nazijua hoja zitakazorudi, na baadhi zinastahili jibu la heshima.

Ya kwanza: "Mbona huyo anakimbia kutwa nzima? Mkimwongezea mazoezi si ndiyo mtamchochea?" Hoja hii inavutia kwa sababu macho yanaithibitisha. Lakini tazama vizuri anachofanya. Anainuka, anakaa, anagusa begi la jirani, anatoka kwenda kuchonga penseli iliyochongwa tayari. Hayo ni mivuto mifupi mifupi. Moyo wake haupandi hata dakika tatu mfululizo. Mazoezi yenye faida ni yale yanayoendelea robo saa au zaidi, yenye mwanzo na mwisho, yenye jasho. Wengi wa watoto hawa, licha ya kelele zao, hukosa kabisa mazoezi ya namna hiyo. Hawapangwi kwenye timu kwa sababu hawasubiri pasi. Wengine viungo vyao havina uratibu mzuri, wanaupiga mpira ukaenda nje, wanachekwa, wanaacha. Mtoto anaweza kuwa hatulii na bado akawa hachezi.

Ndiyo maana aina ya mchezo nayo ina maana. Mpira wa miguu wenye wachezaji ishirini na wawili na kumi wa kusubiri pembeni humpa mtoto huyu dakika nyingi za kukaa na nafasi nyingi za kugombana. Bora mchezo ambao kila mmoja anashughulika kwa wakati mmoja: kuruka kamba, mbio za kupokezana, kuogelea palipo na maji salama, karate au judo pale mwalimu anapopatikana. Na tunayo michezo yetu ambayo hakuna haja ya kuagiza kutoka popote. Chukua rede. Wawili wanasimama, mmoja kila upande, wakirushiana mpira wa soksi iliyojazwa makaratasi. Wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Lazima atazame mbele na nyuma, akumbuke chupa imefikia wapi, asimamishe mkono mpira unapokuja, kisha arudi pale pale alipoachia. Akitawaliwa na pupa ya kujaza, anapigwa, anatoka. Ni zoezi kamili la kujizuia na kukumbuka, lenye jasho, linalochezwa na wasichana kwa wavulana, na gharama yake ni soksi moja iliyotoboka. Kombolela nayo inadai mtafutaji ahesabu hadi mwisho bila kuchungulia. Mwalimu aliyekulia mtaa wowote wa Uswahilini anaijua yote hii kwa mwili wake mwenyewe. Amesahau tu kwamba lilikuwa somo.

Hoja ya pili: muda hautoshi, mitihani iko mlangoni. Hii ndiyo hoja iliyoua michezo katika shule zetu, si ukosefu wa viwanja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilisitisha mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, kwa madai kwamba yanavuruga taaluma, kabla ya kuyarejesha baadaye. Somo la Haiba na Michezo lilikuwa kwenye mtaala wa shule za msingi lakini halikuwa kwenye mtihani wa darasa la saba, na kila mwalimu anajua kipindi kisichotahiniwa huishia wapi. Kenya, enzi za mfumo wa elimu wa 8-4-4, kipindi cha mazoezi ya viungo kiliandikwa kwenye ratiba, lakini mara nyingi kikafundishwa Hisabati. Tumezoea kuhesabu dakika za kukaa kana kwamba ndizo dakika za kujifunza. Kipindi ni dakika 40. Mtoto mwenye ADHD akipoteza 25 kati ya hizo, na mwalimu akapoteza 10 kumkemea, wanafunzi wote wamepunjwa. Kutoa dakika 15 asubuhi ili kuokoa hizo ni hesabu anayoiweza mtoto wa darasa la pili.

Na mtoto wa mjini anahitaji hesabu hiyo kuliko yeyote. Gari la shule linampitia saa kumi na moja alfajiri. Anakaa ndani yake saa nzima au zaidi kwenye foleni. Shule yake ya kulipia imebanwa kwenye kiwanja kidogo, uwanja ni sakafu ya vigae ambayo hairuhusiwi kukimbiliwa wasije wakateleza. Anatoka, anakaa tena garini, anakwenda tuisheni au madrasa, ambako napo anakaa, kisha kazi za nyumbani mezani. Ikifika saa mbili usiku anaruka juu ya makochi, na baba anauliza huyu mtoto ana pepo gani. Hana pepo. Amekaa tangu alfajiri.

Hoja ya tatu: nidhamu itaporomoka, ukimruhusu mmoja, wote watataka. Wape wote. Hakuna ninaloliomba kwa mwenye ADHD ambalo litamdhuru asiye nayo. Katika jaribio la Pontifex watoto wasio na ADHD nao walifaidika. Hapa pia wapo wanaosahaulika kabisa: watoto wenye ADHD ya kimya, wengi wao wasichana, wanaokaa dawati la nyuma wakitazama ukuta, hawasumbui mtu, na huandikiwa kwenye ripoti kuwa ni wazito. Hawaadhibiwi kwa kuzuiwa michezo. Wanaruhusiwa tu kutocheza, jambo ambalo linawaacha pale pale. Mazoezi ya darasa zima huwafikia bila kumtaja mtu. Na wala sisemi mtoto asiadhibiwe. Aliyempiga mwenzake aombe msamaha, aliyevunja alipe kwa kazi, aliyevuruga darasa ahamishiwe dawati la mbele na kupewa maelekezo mafupi, moja moja. Adhabu ziko nyingi. Mapumziko yaondolewe kwenye orodha yake.

Sasa niwageukie wanaodhani niko upande wao. Kuna wazazi, na wauzaji wa tiba mbadala nyuma yao, wanaosikia habari za mazoezi na kuruka mpaka kwenye hitimisho lao: basi dawa ni sumu, mpe mtoto mpira atapona. Hapana. ADHD haiponi kwa mpira. Miongozo ya kitabibu inasema kwa mtoto mdogo, aliye chini ya umri wa kuanza shule, kwanza wafundishwe wazazi namna ya kumwongoza. Kwa mkubwa zaidi dawa zina nafasi yake, pamoja na msaada wa tabia na wa shule. Simone Biles alitoka Rio mwaka 2016 na medali nne za dhahabu katika jimnastiki. Muda mfupi baadaye wadukuzi walianika taarifa zake za matibabu, naye akasema wazi kwamba ana ADHD na ametumia dawa yake tangu utotoni. Hakuna binadamu aliyefanya mazoezi kumzidi yule, na bado daktari wake hakuona kuwa yanatosha. Mazoezi na dawa si wake wenza.

Ila ukweli wa huku kwetu lazima usemwe. Madaktari wa akili wanaohudumia watoto ni wachache na wamekusanyika miji mikubwa. Hospitali nyingi za wilaya hazina methilifenideti kwenye rafu zake. Mwaka 2019, na tena 2021, Shirika la Afya Duniani lilikataa maombi ya kuiingiza dawa hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu, uamuzi ambao kwa nchi zinazonunua dawa kwa kufuata orodha hiyo haukuwa jambo dogo. Mama wa Namtumbo au wa Turkana anaweza kusubiri miaka kabla ya kumwona mtaalamu. Katika kusubiri huko, mazoezi ni miongoni mwa misaada michache ambayo shule yake inaweza kuitoa kesho, bila kibali cha daktari, bila bajeti, na bila hata kuwa na uhakika kwamba mtoto ana ADHD. Ndiyo maana kuyageuza kuwa zawadi ya watulivu ni kosa kubwa zaidi kwetu kuliko kwa matajiri. Wao wakimnyima mtoto mapumziko, amebakiwa na daktari, dawa na mwalimu msaidizi. Sisi tukimnyima, amebakiwa na kuta nne.

Ninachodai si kikubwa. Kila siku ianze kwa robo saa ya jasho kabla ya somo gumu la kwanza, wote, mwalimu akiwemo akiweza. Kila baada ya vipindi viwili darasa lisimame dakika tatu, liruke, linyooshe viungo, likae. Hata darasa la watoto 90 linaweza kuruka mahali lilipo. Kipindi cha michezo kisikopeshwe kwa somo jingine, darasa la saba likiwemo. Mazoezi yasitumike kumwadhibu mtu. Mapumziko ya mtoto yasiguswe na mwalimu yeyote kwa kosa lolote, kama vile hakuna anayethubutu kumnyima mtoto maji ya kunywa.

Na serikali ina wa kuyasimamia haya. Wathibiti ubora wa shule wanapofika hukagua maandalio ya somo, daftari za wanafunzi na matundu ya vyoo. Waongeze swali moja kwa mkuu wa shule: leo saa nne na nusu, nani alibaki ndani, na kwa kosa gani? Kisha waulize jana alibaki nani, na juzi. Jina likiwa ni lile lile, adhabu hiyo imethibitika kuwa haifanyi kazi, na kosa si la mtoto tena. Liandikwe kwenye ripoti, chini ya udhaifu wa shule.